Hali ya Uchumi wa Taifa: mwenye duka la saruji atafute nini mle ndani?

Swali nimeletewa na mama mmoja wa Goba, nalifupisha: "Habari za kazi mwalimu. Nina duka la vifaa vya ujenzi, nauza saruji, nondo, mabati, rangi na vitu vidogovidogo. Kila mwezi wa sita tunasomewa kule Dodoma kwamba uchumi umekua kwa asilimia tano na kitu, mimi dukani sikioni hicho kilichokua. Sasa nataka kuchukua mkopo nifungue duka la pili, nimeziona fremu mbili, moja Kigamboni moja Kibaha. Kijana wangu yupo chuo ananiambia mama soma kwanza kitabu cha Hali ya Uchumi wa Taifa. Nimekifungua kwenye simu, mameza ya namba yamejaa, nikakifunga. Kile kitabu kina msaada wowote kwa mtu kama mimi au ni siasa tu?"

Nzuri mama, na pole na biashara. Nianze na jibu alafu ndo tuzunguke: kinasaidia, ila sio ile sehemu inayosomwa kwenye taarifa ya habari. Ile asilimia ya ukuaji ndo namba inayokuhusu kidogo kuliko karibu zote mle ndani, na ndo hiyohiyo ambayo kila mtu anaijua. Namba zako zipo nyuma huko kwenye majedwali, zimejificha katikati ya sigara na nyavu za kuvulia samaki, na hakuna waziri atakayesimama kukusomea.

Kwanza tujue ni kitabu cha aina gani. Kinatoka kila Juni siku ileile ya bajeti, asubuhi waziri anawasilisha hali ya uchumi na mpango wa maendeleo, jioni ndo inasomwa bajeti yenyewe ambayo watu wanaisubiri kujua bia imepanda shingapi. Kwahiyo kitabu cha mwaka 2024 kilitoka Juni 2025, ukikifungua mwanzoni mwa 2026 unasoma mambo yaliyotokea mwaka mmoja hadi miwili nyuma. Hapo tu ushajua hakiwezi kukwambia mwezi ujao utauza mifuko mingapi, na wala hakijatengenezwa kwa kazi hiyo. Alafu ndani yake kuna vitu viwili vimechanganywa na inabidi uvitenganishe mwenyewe: kuna maelezo na kuna namba. Namba nyingi zinatoka Ofisi ya Taifa ya Takwimu yani NBS, nyingine Benki Kuu, TRA na wizara mojamoja. Maelezo yanaandikwa na serikali inayojieleza kazi yake ya mwaka mzima, na sijawahi kuona mtu akijieleza kazi yake akaanza na yaliyomshinda. Sisemi ni uongo, nasema hizo aya za "serikali imeendelea kuimarisha" unaweza kuziruka bila kupungukiwa kitu. Nenda kwenye majedwali.

Sasa kwanini uchumi unakua na wewe huoni? Sababu zipo kadhaa na zote zinatoka mlemle ndani ya kitabu, ndo maana nakwambia kina faida hata kama kinakuudhi.

Ya kwanza ni vichwa. Mwaka 2024 uchumi ulikua kwa asilimia 5.5. Ila na sisi tunaongezeka: sensa ya 2012 ilituhesabu milioni 44.9, ya 2022 ikatukuta 61,741,120, hiyo ni kasi ya asilimia 3.2 kila mwaka. Toa 3.2 kwenye 5.5 inabaki kama asilimia 2.3 hivi kwa kila kichwa. Yani kama kungekuwa na mgao sawa (hakuna), mtu aliyekuwa anaishi kwa shilingi laki mbili kwa mwezi angeongezewa kama elfu nne na kitu. Mteja wako akiongezewa elfu nne kwa mwezi hanunui saruji mama, ananunua vocha na nyanya.

Ya pili ni kwamba ukuaji haugawanyiki sawa kwa kila shughuli. Kilimo ni kama robo ya Pato la Taifa, yani thamani ya vyote vilivyozalishwa nchini kwa mwaka, lakini kinabeba zaidi ya nusu ya watu wanaofanya kazi nchini, na mara nyingi kinakua taratibu kuliko wastani. Dhahabu, umeme, mabenki, hizi huwa zinakimbia mbele. Dhahabu ikifanya vizuri Geita namba ya taifa inapanda, ila hakuna fundi wa Goba aliyeitwa saiti kwa sababu hiyo.

Ya tatu ndo wafanyabiashara wengi inawachanganya. Ile asilimia 5.5 imehesabiwa kwa bei za mwaka 2015, huo ndo mwaka wa kizio, maana yake wametoa kupanda kwa bei ili kibaki kiasi halisi kilichozalishwa. Wewe daftari lako liko kwa bei za leo. Tuseme mwaka juzi uliuza milioni 80 na mwaka jana milioni 84, unasema afadhali nimekua asilimia tano. Kama na bei za vitu vyako zilipanda asilimia tano basi hujakua popote, umeuza mifuko ileile na nondo zilezile, ila umeshika noti nyingi zaidi na umezirudisha kwa msambazaji zikiwa nyingi zaidi. Kwahiyo kabla hujalinganisha duka lako na taifa anza kuhesabu mifuko, acha kuhesabu shilingi. Mifuko mingapi ya saruji kwa mwezi, mabati mangapi, ndoo ngapi za rangi. Wauzaji wengi nikiwauliza hilo swali wanaangalia juu.

Tuje kwenye ujenzi wenyewe maana hapa ndo penye utamu. Ukifungua sehemu ya Pato la Taifa utakuta ujenzi ni kama asilimia 13 ya uchumi wote, miaka hii umekuwa ukishika nafasi ya pili baada ya kilimo. Mtu wa vifaa vya ujenzi akiona hivo anafurahi. Subiri kidogo. Ndani ya hiyo asilimia 13 kuna reli ya SGR, kuna Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, kuna barabara za mwendokasi, kuna lile daraja la Kigongo hadi Busisi la kilomita tatu lililofunguliwa Juni 2025. Zege ya bwawa la Nyerere haikupita dukani kwako, na nondo za Busisi hazikupita kwa mtu yeyote wa rejareja. Wakandarasi wakubwa wanaongea na kiwanda moja kwa moja, Wazo huko au Mtwara, malori yanapakia yanaondoka. Kwahiyo ujenzi wa taifa unaweza kupaa mwaka ambao mapagale ya Goba yamesimama na nyasi zimeota sebuleni, na namba zote mbili zikawa za kweli.

Utajuaje sasa kama wateja wako wa mapagale wapo kazini? Hapa naomba ufungue jedwali la uzalishaji wa baadhi ya bidhaa za viwandani, lipo kwenye sehemu ya viwanda na linarudiwa na majedwali ya nyuma. Ni jedwali la ajabu kidogo, linapanga bia, sigara, konyagi, unga wa ngano, nguo, kamba za katani, saruji, rangi, mabati, vyote foleni moja, na upande wa juu miaka. Mimi nalipenda kuliko kurasa zote za mbele kwa sababu moja, zile ni tani na lita. Tani haipandi kwa sababu bei imepanda. Wengi wakilifikia wanaangalia mstari wa saruji wanafunga. Saruji inadanganya kwa sababu niliyokwambia, bwawa moja linaweza kuibeba. Wewe angalia saruji, alafu shuka kwenye mabati, alafu shuka kwenye rangi. Reli hailali chini ya bati na bwawa halipakwi rangi ya sebuleni. Mtu anayenunua bati kafikia kupaua, anayenunua rangi kafikia mwisho anataka kuhamia, au anapaka fremu apangishe. Ukiona miaka miwili mitatu saruji inapanda ila rangi na bati zimelala, soma hivi: serikali inajenga, watu hawamalizii. Vyote vitatu vikipanda pamoja ndo uanze kufikiria duka la pili.

Kuna shimo kwenye njia hii na lazima nikwambie. Jedwali lile linahesabu kilichozalishwa viwandani hapa nchini, halihesabu marumaru na vitasa vilivyoshuka bandarini kwenye kontena, na wewe unajua finishingi ya Dar siku hizi nusu yake imetoka China. Kwahiyo pitia na jedwali la bidhaa zilizoagizwa kutoka nje, kuna mstari wa vifaa vya ujenzi, ila ule upo kwa thamani ya dola sio kwa idadi na miradi mikubwa imo humohumo, uutumie kwa tahadhari.

Haya, siasa. Umeuliza kwa heshima lakini swali lako ni "wanatupika?" Nitakujibu kwa vitu vilivyotokea.

Kitabu cha Juni 2018 kilisema mwaka 2017 uchumi ulikua asilimia 7.1. Februari 2019 NBS wakabadili mwaka wa kizio kutoka 2007 kwenda 2015, hesabu zikafanywa upya, ile 7.1 ikawa 6.8. Wapo waliosema si mnaona, walidanganya. Mimi naona kinyume chake. Nchi zote zinazohesabu vizuri huwa zinarudi kusahihisha, maana namba ya kwanza inatolewa kabla taarifa zote hazijafika na uchumi wenyewe unabadilika sura, 2007 nani alikuwa na bodaboda nyingi hivi au miamala ya simu kama ya leo. Namba isiyorekebishwa hata mara moja ndo ingenitia wasiwasi. Ila somo kwako lipo: usichukue namba ya 2017 kutoka kitabu cha 2018 ukailinganisha na ya 2023 kutoka kitabu kipya. Chukua kitabu kimoja, kipya kuliko vyote ulichonacho, usome mstari mzima wa miaka humo ndani, kwa sababu huko ndo miaka yote imepimwa kwa rula moja.

Namba ya mwaka uliofuata ilikuwa na kizungumkuti kikubwa zaidi. Serikali ilisema 2018 uchumi umekua asilimia 7.0, Benki ya Dunia Julai 2019 ikatoa ripoti yake ikasema inakadiria 5.2. Hiyo sio tofauti ya kupindisha desimali, ni karibu pointi mbili. Na ilikuja wakati mbaya, maana Septemba 2018 Sheria ya Takwimu ilikuwa imefanyiwa marekebisho yaliyofanya kutoa takwimu zinazopinga za serikali kuwa kosa la jinai, faini na kifungo, Benki ya Dunia wakalalamika hadharani, na Juni 2019 bunge likarudi kulegeza vile vifungu. Mimi nikiambiwa nitoe hukumu nasema hivi: watu wa NBS ni wataalamu na kazi yao ya sensa na tafiti za kaya naitumia bila kusita, lakini namba ya ukuaji ikikataliwa na ndugu zake inabidi uishushe uzito. Ndugu zake ni akina nani? Mikopo kwa sekta binafsi, makusanyo ya kodi, umeme uliouzwa, bidhaa zilizoagizwa, na zile tani za viwandani. Hizo zote zimo kwenye kitabu hichohicho! Ndo maana nasema sio kitabu cha kuamini au kukataa, ni kitabu cha kukipambanisha chenyewe kwa chenyewe. Mwaka ambao ukuaji ni mkubwa na mikopo imesinyaa na uagizaji umeshuka, mtu anatakiwa akueleze hizo hela zimetoka wapi.

Mfano mzuri wa namba ngumu kupika ni watalii. 2019 waliingia 1,527,230, 2020 korona ikawashusha mpaka 620,867, 2023 wakafika 1,808,205. Kila mmoja amegongewa muhuri mpakani. Mwaka 2020 serikali ilitangaza ukuaji wa 4.8 na wengi tulikuna kichwa, ila upande wa watalii hakuna aliyebishana, anguko liliandikwa kama lilivyo. Kitabu kinachoandika anguko la zaidi ya nusu la sekta ambayo nchi inaitegemea kwa dola sio kitabu cha propaganda tupu, tumpe mtu haki yake.

Kinachoniudhi mimi binafsi sio kupikwa, ni vitu vya zamani kupangwa pamoja na vipya. Kitabu ni cha kila mwaka lakini tafiti nyingine sio za kila mwaka. Umaskini wa mahitaji ya msingi, ile asilimia 26.4, inatoka kwenye utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18. Kabla yake ulifanyika wa 2011/12 uliosema 28.2. Katikati hapo haukufanyika mwingine wa aina hiyo. Lakini ile 26.4 iliendelea kunukuliwa miaka mingi baadaye, korona imepita, vita vya Ukraine vimepandisha mafuta, yenyewe ipo palepale. Ajira vilevile, tafiti kubwa za nguvukazi ni za 2014 na 2020/21. Kwahiyo kabla hujaishika namba yoyote shuka chini ya jedwali uangalie imetoka wapi na ya mwaka gani, ni maandishi madogo sana, kwenye simu vuta kwa vidole viwili.

Wenzetu Kenya kitabu chao kinaandaliwa na ofisi yao ya takwimu na kinatoka kabla ya bajeti, na kila mwaka kinataja ajira mpya ngapi zimepatikana na ngapi kati yake ni za jua kali, ambazo huwa ni zaidi ya asilimia 80. Waziri anatamba na jumla, asubuhi yake magazeti yanamkumbusha kwamba wengi wao ni wauza mitumba. India wao wanatoa cha kwao siku moja hivi kabla ya bajeti, na kile cha 2019/20 kilikaa chini kikapiga hesabu ya sahani ya chakula cha kawaida, mfanyakazi wa kiwandani anaweza kuinunua kwa kiasi gani cha ujira wake wa siku ukilinganisha na miaka ya nyuma. Unaweza kubishana na majibu yao, lakini angalau wameuliza swali ambalo mama ntilie analielewa. Sisi sahani ya wali maharage Kariakoo bado haijaingia kwenye kitabu cha taifa, na sioni kinachotuzuia, bei tunazo.

Ukigusa bei sasa, hapa kuna kitu ambacho wewe hasa unapaswa kukijua. Mwaka 2024 mfumuko wa bei ulikuwa wastani wa asilimia 3.1. Ni namba nzuri kabisa, majirani wametuonea wivu. Inapimwa kwa kapu la bidhaa na huduma 383, na chakula na vinywaji baridi vimepewa uzito wa asilimia 28.2, zamani kwenye kapu lililopita ilikuwa 38.5. Familia ambayo zaidi ya nusu ya kipato inaishia jikoni itahisi mfumuko tofauti na huo, lakini sio hilo nililotaka kukwambia. Nilichotaka kukwambia ni kwamba kujenga nyumba haimo kwenye lile kapu. Kwa wataalamu wa takwimu, nchi nyingi sio hapa tu, nyumba mpya ni uwekezaji sio matumizi ya kaya. Rangi ya kurudishia ukuta inaweza kuwemo, vifaa vidogo vya ukarabati vimo, ila saruji ya msingi na nondo za nguzo hazimo. Kwahiyo ukisikia mfumuko 3.1 usiende kwa msambazaji kumwambia mbona umenipandishia nondo asilimia nane wakati serikali imesema tatu. Hamuongelei kitu kimoja. Bei ya nondo inafuata chuma duniani, dola na mafuta ya lori.

Kibaha au Kigamboni sasa, na hapa kitabu kinakulipa muda wako wote. Nenda kwenye sura ya idadi ya watu, tafuta mikoa. Dar es Salaam 2012 ilikuwa na watu 4,364,541, 2022 ikawa na 5,383,728. Ni ongezeko la milioni moja, kubwa, ila kwa asilimia ni kama 23 kwa miaka kumi, chini ya wastani wa taifa. Mkoa wa Pwani, iliko Kibaha, 2012 ulikuwa na 1,098,668, 2022 ukawa na 2,024,947. Karibu mara mbili! Jiji limemwagika nje ya mipaka yake. Watu wanafanya kazi Posta wanalala Kibaha, Mkuranga, Bagamoyo, wamefuata viwanja vya bei wanayoiweza, na mtu aliyenunua kiwanja juzi ndo mteja wako wa miaka mitano ijayo, maana huku kwetu nyumba haijengwi kwa mkupuo, leo mifuko mitano kwenye kirikuu, mwezi wa tisa tripu ya mchanga, mwakani bati.

Lakini usikimbilie Kibaha kwa sababu ya hiyo namba moja. Mkoa ni mkubwa, wastani wa Pwani umechanganya Kibaha na Mafia na Rufiji, na wastani wa Dar umechanganya Kariakoo ambako watu wanabomoa nyumba wajenge maghorofa ya biashara, na Kigamboni ambako bado kuna viwanja vinapimwa. Kigamboni yenyewe inaweza kuwa inakwenda mwendo wa Pwani ukiwa umejificha ndani ya namba ya Dar. Kitabu cha Hali ya Uchumi hakishuki mpaka huko. NBS wana machapisho ya sensa yanayoshuka mpaka kata, bure kwenye tovuti yao, mwambie kijana akutolee kata ya fremu ya Kibaha na kata ya fremu ya Kigamboni, idadi ya watu na idadi ya kaya, alafu mwende mtaani mhesabu kwa macho maduka ya vifaa yaliyopo tayari, na mapagale, na kati ya hayo mapagale ni mangapi yana mchanga mpya mbele yake. Hiyo ya mchanga mpya hakuna ofisi ya serikali itakayokuhesabia.

Na mkopo. Kwa hili achana kabisa na kitabu cha mwaka, kimechelewa mno. Benki Kuu inatoa tathmini yake ya uchumi kila mwezi, ya hivi karibuni kabisa huwa ni ya mwezi mmoja au miwili nyuma, humo utakuta riba za mikopo na mikopo imekwenda kwenye shughuli zipi. Utaona mikopo binafsi, yani ya mtu mmojammoja, inaongoza kwa mbali, zaidi ya theluthi ya yote, na sehemu yake nzuri ndo inayojenga mapagale ya walimu na manesi, kwahiyo huo mstari uangalie kama unavyoangalia ule wa rangi. Riba ya Benki Kuu ilianza kutumika Januari 2024 ikiwa 5.5, ikapanda 6 Aprili mwaka huohuo, Julai 2025 ikashushwa hadi 5.75. Usije ukaenda benki kudai upewe kwa 5.75, hiyo sio yako, ni ya kuwaongoza mabenki wenyewe wanapokopeshana, wewe mtaani unakaa kwenye wastani wa asilimia 15 hivi kwa mwaka, na kwenye taasisi ndogondogo unaambiwa asilimia nne "tu" bila kuambiwa ni kwa mwezi. Uliza kwa mwezi au kwa mwaka, na uliza inahesabiwa kwenye deni lililobaki au kwenye mkopo wote mpaka siku ya mwisho, hiyo ya pili inakula karibu mara mbili ya unavyodhani.

Mimi kwa hizi namba ningeelemea Kibaha, ila ningeingia na mzigo mdogo wa saruji, bati na misumari kwanza, rangi na marumaru baadaye nyumba zikianza kufika usawa huo. Na kwenye kodi ya fremu usikubali kirahisi kulipa mwaka mzima mbele, maana ni mtaji wa saruji unaukalisha kwenye ukuta wa mtu. Mwenye fremu akikubali miezi sita, chukua hiyo sita hata kama kwa mwezi anakuongezea kidogo.